Kioo Kisichoona Kiti cha Nyuma

Kuna gundi moja nyeusi ambayo mafundi wetu wa Uvira hubandikia kitambaa cha paa la gari. Harufu yake ni kali, tamu kidogo, na ikishaingia kooni haitoki mpaka ule kitu. Juzi nilipita mbele ya garaji moja ya mtaa wa Mulongwe, mlango ukiwa wazi, harufu ikanifuata hadi barabarani. Nikasimama. Vijana wa pale walidhani natafuta fundi. Kumbe mimi nilikuwa nimesharudi uani kwetu, na Mama amesimama mlangoni, mikono juu ya tumbo lake kubwa, anamtazama Papa bila kupepesa.

Papa alikuwa dereva wa lori la mihogo na mahindi, kati ya Uvira na Bukavu. Lori lilikuwa la watu. Gari lake mwenyewe ni lile lililolala uani: gari dogo la wakati wa Wabeleji, lenye mgongo wa duara na taa mbili kubwa mbele zilizolifanya lionekane limeshtuka. Alilipata likiwa ganda tu. Kuku wetu walitaga ndani yake, na Mama alizoea kusema ndilo gari pekee la Uvira linalozaa. Papa alilitengeneza polepole, leo bomba, mwezi mwingine springi, bila haraka wala ahadi. Siku ninazozisimulia injini ilikuwa imeshaanza kuwaka, ingawa ilikohoa sana, na breki zilishika ukizikanyaga kwa imani.

Lazima niwaambie pia kwamba nimetoka katika ukoo wa wenye shaka. Upande wa mama hatuamini kitu mpaka tukigeuze tuone chini. Bibi yangu wa Luvungi, mama yake Mama, alikuwa na msemo: mgeni akikusifia mbuzi wako, mfupishie kamba. Mama aliurithi msemo huo, nami nikaurithi kwake kabla sijamaliza kuota meno ya pili. Kwa hiyo msinishangae.

Mambo yalianza siku mjomba, kaka yake Mama, alipotushukia kwa pikipiki kutoka Luvungi. Hakuingia ndani. Alimkuta Papa kwenye gari lake, wakazungumza chini chini wakiwa wameipa nyumba mgongo. Mama alikuwa amepika ugali na ndagala, dagaa wa ziwani kwetu, harufu imejaa ua mzima, na mjomba akasema ameshiba. Mjomba wangu ameshiba! Mtu aliyekuwa akifika kwetu anauliza chakula kabla ya kuuliza habari. Alipanda pikipiki akaondoka, na Mama akabaki na sahani mkononi.

Tangu hapo Papa akashikwa na haraka. Haraka yenyewe haikuwa ya nje ya gari, ambako rangi ilikuwa na mabaka kama ng'ombe, wala ya matairi yaliyokwisha. Ilikuwa ya ndani tu. Akabandika kitambaa kipya kwenye paa. Akakishona upya kiti cha nyuma, akakijaza sufi, akakikalia, akashuka, akakijaza tena. Kisha akatangaza kwamba anatafuta kioo cha ndani na taa ya ndani, vyote vya mtindo wa zamani.

"Pine zote ziko na upara," Mama akamwambia, "na weye uko natafuta kioo?"

"Gari ya zamani inataka kioo ya zamani," Papa akajibu, akaenda kunawa mikono ambayo haikuwa michafu.

Mama aliniita jikoni, akaniketisha karibu na ungo wa maharage. "Sifa, sikiliza vizuri," akasema. "Mwanaume akianza ku breki, iko nawaza njia. Akianza ku kioo, iko nawaza muntu. Kesho utaenda naye soko. Ufungue macho."

Nilielewa alichokuwa anaogopa, kwa sababu mtaani kwetu bwana mmoja alikuwa amekuja nyumbani siku moja na mke wa pili, sanduku na godoro, mchana kweupe. Mama alikuwa ameapa kwamba hilo halitamkuta. Siku akisikia kuna mwanamke mwingine, angefunga nguo zake arudi kwa mama yake Luvungi na mimba yake. Na mimi? Kwetu mtoto ni wa baba. Mama angekwenda, mimi ningebaki. Kabla ya hapo mimba nyingine ilikuwa imemtoka, wiki ileile alipoletewa habari ya kifo cha baba yake, na tangu siku hizo kila mtu nyumbani alitembea taratibu karibu na tumbo lake. Mimi niliogopa mambo yote mawili, tumbo lisije likaharibika na Mama asije akaondoka, nikaenda sokoni na macho yangu wazi.

Muuza vipuri aliitwa Papa Ombeni, maana kwetu kila baba huitwa Papa. Alikuwa ametundika vioo vyake kwenye waya, ukipita unajiona vipande vipande: sikio hapa, goti pale. Papa wangu akachukua kioo kipana, kizuri, akakishika mbele ya paji la uso wake kama dereva aliye njiani.

"Sifa, kaa pale nyuma yangu."

Nikakaa juu ya kasha.

"Nakuona," akasema. "Macho, pua, mpaka kifungo ya shati. Hapana, hii haiko muzuri."

"Si ndio kazi ya kioo?" Papa Ombeni akauliza.

Papa alikirudisha kwenye waya. Akajaribu kingine, akaniona kidevu. Akajaribu cha tatu, kirefu, akaniona pamoja na mama mmoja aliyekuwa akinunua chumvi ng'ambo ya njia. Mwisho akafika kwenye kioo kidogo cha mviringo, kilichozungushiwa nikeli iliyoanza kufifia, juu ya kikonyo kirefu. Akakiinua, akakigeuza, akaniambia niinue mkono. Nikainua.

"Umeinua?"

"Ndiyo, Papa."

"Sikuone hata kidogo!" Akacheka kwa furaha, na mimi moyo ukaniuma. Baba gani anafurahi kwa kutomwona mtoto wake?

"Ile kioo madereva waliitupaka, hawaitaki," Papa Ombeni akamwonya. "Inaonyesha tu dirisha ya nyuma. Muntu mwenye kukaa ku kiti haumuoni."

"Ndiyo ile natafuta."

Kwenye taa ikawa vilevile. Papa Ombeni alileta taa nzuri ya katikati ya paa, ya kioo kilichochongwa, inayowaka yenyewe mlango ukifunguliwa. Papa akaikataa kabla haijafutwa vumbi. Hakutaka taa inayowaka yenyewe. Hakutaka taa ya katikati. Alitaka ya pembeni, nyuma kabisa, yenye swichi yake.

"Mwenye kukaa nyuma awashe yeye mwenyewe, azime yeye mwenyewe," akasema. "Dereva asiiguse."

Wakachakura ndani ya magunia mpaka ikapatikana moja iliyong'olewa katika gari la zamani lililokufa: kijitaa cha kioo cheupe kama maziwa, na swichi yake ndogo kama punje ya hindi. Papa aliibonyeza mara nyingi, ameinamisha sikio, anasikiliza kama inatoa mlio. Papa Ombeni akanitazama mimi, akamtazama Papa, akanipa kiganja cha karanga bila kuombwa. Hata yeye alinihurumia, nikawaza.

Nyumbani nilimweleza Mama yote, sikuongeza wala kupunguza. Alisikiliza akiwa amekaa juu ya kigoda, miguu imevimba.

"Kioo haimuoni mwenye kukaa nyuma," akarudia polepole. "Taa iko mu mukono ya mwenye kukaa nyuma. Basi ule muntu iko naona haya. Na muntu mwenye kuona haya, Sifa, iko na makosa yake."

Hesabu hiyo niliiona haina kasoro. Papa alipopita na bisibisi yake, akipiga mluzi wa wimbo wa kanisani, nilimchukia kabisa.

Jioni tulipokuwa tukila, Mama akauliza moja kwa moja. "Ile gari iko ya kubeba nani?"

"Utajua."

"Minye niko nauliza leo."

"Mama Sifa, tulia. Angalia tumbo."

"Tumbo iko yangu. Basi kesho minye nakwenda ku Luvungi, ku mama yangu."

Papa akaachia tonge. "Luvungi hapana!" akasema, sauti imepanda. "Kila fasi uende, lakini Luvungi hapana."

Mama akanigeukia mimi, sio yeye. Tulielewana bila neno. Mwanamke yuko Luvungi.

Asubuhi Papa alitoka amevaa koti la Jumapili na tai. Siku ya kazi, na tai! Akaenda kwenye gari, akafungua mlango, akamkuta Mama amekaa kiti cha mbele, fungu la nguo zake juu ya magoti. Mimi nilikuwa nyuma, nimekikalia kile kiti kilichojazwa sufi kwa ajili ya mwingine, na kwa makusudi sikuwa nimenawa miguu.

"Mama Sifa, shuka."

"Kama iko Luvungi, minye pia niko wa Luvungi."

Alisimama hapo muda, mkono juu ya mlango. Nilidhani anatafuta uongo. Leo nadhani alikuwa anatafuta ukweli usioweza kumwangusha mwanamke mjamzito. Hakuupata. Akaingia, akasema tu, "Ushike vizuri," gari likakohoa, tukaondoka.

Tulipita Kavimvira, tukaingia katika miwa ya Kiliba, kushoto milima ya Rurambo imejifunika mawingu. Papa aliendesha kana kwamba amebeba mayai. Kila shimo alilisimamia, akalishuka gurudumu moja moja. Baiskeli zilitupita. Mama alishika kile kioo cha mviringo, akakigeuza huku na huku akinitafuta, hakunipata. "Sifa, washa taa," akasema. Nikabonyeza punje ile, ikawaka mwanga mdogo wa manjano pembeni yangu. Mama aliutazama, akafyonya, akasema, "Ona ile mapendo," akageukia dirisha mpaka Sange.

Tulipofika Luvungi tulianza kazi, mimi na yeye. Kila mwanamke aliyesimama kando ya barabara tulimpima. Mmoja mwenye kilemba cha njano alitupungia mkono na kucheka meno yote. "Ule?" Mama akaniuliza kwa macho. Alikuwa anauza nyanya. Papa hakupunguza mwendo. Alipita soko, akapita kituo cha pikipiki, kisha akakata kona nyembamba kati ya migomba, na kona hiyo hata mimi niliijua. Ilikuwa njia ya kwa Bibi.

Hapo uso wa Mama ulibadilika. Kwetu mwanaume akimchoka mkewe hamfukuzi njiani kama mbwa. Anavaa vizuri, anamrudisha kwa wazazi wake, anasimama mbele ya ndugu zake anasema: mtoto wenu huyu hapa. Mama aliitazama tai ya Papa.

"Unanirudisha," akasema. "Papa Sifa, unanirudisha na tumbo?"

Akalia. Sikuwa nimewahi kumwona Mama analia kwa sauti, na mimi nikalia nyuma yake, nikamshika bega kupitia juu ya kiti. Papa akazima gari pale pale kwenye migomba.

"Hapana. Hapana, mama," akasema, na sauti yake pia haikuwa sawa. "Mama yako iko mugonjwa. Sana. Walinikataza kukuambia, sababu ya tumbo. Nilikuya kumubeba, nimupeleke hospitali ya Uvira, akipata nafuu ndio nikuambie."

Mama aliweka mikono miwili juu ya tumbo akalishika hivyo mpaka tulipoingia uani kwa Bibi.

Bibi alitolewa nje akishikiliwa na mjomba upande mmoja na jirani upande wa pili, amefunikwa kitenge kuanzia kichwani, huoni hata jicho. Alikuwa amekwisha mwili, kitenge kilining'inia kana kwamba ndani hamna mtu. Papa alikuwa ameshashuka haraka, amekwenda hadi kwenye ua wa mihogo, amesimama ametupa mgongo, mikono pembeni, tai yake inaiangalia mihogo.

Upande wa Bibi, mkwe hatazami uso wa mama mkwe, wala mama mkwe hatazami uso wa mkwe. Hawashikani mikono, hawali pamoja, na mmoja akipita njia mwingine anaingia porini. Wengi waliosali walikuwa wameshaiacha desturi hiyo. Bibi alisali kila siku na hakuiacha. Mjomba alitueleza tukiwa tunamweka kiti cha nyuma: pikipiki hakuweza kuikalia, ndani ya basi alizimia, na alipoambiwa mkwe wako ana gari alikataa kabisa. Alisema afadhali afe juu ya kitanda chake kuliko kukaa mahali mkwe atamwona anahema mdomo wazi. Hapo ndipo Papa alipotuma neno kupitia kwa mjomba: nipeni muda kidogo, nitatengeneza gari nisimwone.

Mama alihamia nyuma, akampakata Bibi. Mimi nikakaa mbele. Papa alirudi kinyumenyume, naapa, akapapasa mlango, akaingia akiwa anatazama mbele tu. Mvua ikatukuta baada ya Luberizi, mawingu yakashuka kutoka Rurambo, mchana ukawa giza.

"Sifa." Ilikuwa sauti ya Bibi, nyembamba, chini ya kitenge. "Ule baba iko naniona?"

Nikainuka, nikasogeza kichwa changu karibu na cha Papa, nikatazama ndani ya kioo. Dirisha la nyuma, matone ya mvua, barabara nyekundu inayotukimbia.

"Hapana, Bibi. Kioo inaona tu njia."

"Hakika?"

"Hakika."

Bibi naye alikuwa wa ukoo wetu. Alingoja kidogo, akainua pembe moja ya kitenge, akachungulia mwenyewe. Kisha akakiteremsha chote mabegani, akavuta pumzi ndefu kwa mdomo wazi. Alipapasa ukutani mpaka akapata swichi, akawasha taa. Alimwangalia Mama usoni, akashuka na macho hadi tumboni, akaweka mkono wake mkavu juu ya tumbo, akasema maneno ya lugha yao ya Kifuliiru ambayo Mama hakuwahi kunitafsiria. Papa alitazama mbele. Shingo yake ilikaza kama ya mtu aliyebeba ndoo kichwani, na shavu lake upande wangu lilikuwa limelowa, na dirisha lake lilikuwa limefungwa.

Tulipokuwa tunakaribia Sange tena, Mama alisema, "Papa Sifa, uendeshe polepole," ingawa polepole kuliko vile gari lingesimama. Hakuwahi kuomba msamaha kwa njia nyingine, na Papa hakuwahi kudai.

Bibi alipata nafuu ya kuishi nasi miezi kadhaa. Alilala chumba cha uani, na Papa akazoea kukohoa kabla ya kuvuka ua, ili mama mkwe apate nafasi ya kujifunika. Bibi alimpakata mdogo wangu alipozaliwa. Lakini ugonjwa wake ulimrudia, akafa asubuhi moja baada ya kunywa uji.

Kwa muda mrefu nilidhani nimejifunza jambo moja tu pale: kwamba shaka inaweza kupanga kila kitu sawasawa na bado ikakosea. Tulikuwa tumeona kioo, tumeona taa, tumeona tai. Tuliona vyema. Kilichotupita ni kwamba mtu anaweza kuhangaika hivyo kwa ajili ya kutoona. Lakini siku hizi, nikiwa na wakwe wangu mwenyewe, jambo linalonisumbua ni jingine. Watu wale wawili walijaliana kuliko wengi ninaowajua, wakala chakula cha jiko moja, wakasikia kikohozi cha kila mmoja kila siku, na hawakuwahi kujuana sura. Wao hawakuona kama wamepoteza kitu. Mimi naona walipoteza, na pia sijui ningewaambia waache nini.

Siku ya mazishi sanduku liliwekwa wazi sebuleni, watu wakapita kuaga. Wazee wa upande wa Mama wakamfuata Papa pale nje alipokuwa amekaa, wakamwambia kifo kimefungua njia, sasa anaruhusiwa kumtazama. Papa akatikisa kichwa.

"Alijifunikaka akiwa muzima," akasema. "Sasa hawezi kujifunika, ndio minye nimutazame?"

Wazee wakaondoka. Akabaki amekaa, kofia juu ya goti, macho yake yamekwenda mbali. Baadaye akamwita Mama, akamuuliza kwa sauti ya mtu anayeona aibu kuuliza njia katika mji wake mwenyewe. "Mama Sifa, alikuwa namna gani? Uso yake."

Mama alifikiri. Kisha akanivuta mimi kwa mkono, akanisimamisha mbele ya Papa, akanishika kidevu akakiinua kidogo.

"Ni huyu," akasema. "Uongeze tu miaka."

Papa alinitazama. Alianza na paji la uso, akashuka taratibu, machoni, puani, mdomoni, kama mtu ambaye hatapewa nafasi ya pili. Nilitaka kucheka, nikashindwa. Kisha akasimama, akafunga kifungo cha koti lake, akainamisha kichwa.

"Jambo, mama mukwe," akaniambia.